Wimbo Wote wa Evance Masatu

Marehemu Evance Masatu alizaliwa tarehe 14 Machi 1988 kijijini Guta, wilaya ya Bunda, mtoto wa pili wa marehemu mzee Masatu na mama yetu Dorotea. Wa kwanza ni mimi ninayesoma, Matrida. Alizaliwa analia kwa hasira, na mama anasema hasira hiyo hakuiachaga.

Shule ya msingi alisoma hapo hapo Guta, 1996 hadi 2002. Alichapwa sana kwa kugonga dawati wakati wa hesabu. Siku moja jitu la darasa la saba lilinipiga kofi. Evance, mfupi vile, akalirukia na kuling'oa jino. Halafu akalitafuta lile jino mchangani, akamrudishia mwenyewe: "Shika, si la kwangu."

Mjomba Leodgar ndiye aliyemfundisha kupiga litungu, kinubi chetu cha nyuzi, na kuimba kwa desturi ya wazee: unayetaka kumsifu, umchafue kwanza, sifa isije ikamletea kijicho. Matusi mwanzo, sifa mwisho. Wazee wakisikia matusi hutulia, wanajua mema yanakuja.

Tarehe 12 Desemba 2015 alifunga ndoa na Skolastika. Baba mkwe alikuwa amemfukuza kwa fimbo. Evance akakaa nje ya uzio anapiga litungu, mpaka mkwe mwenyewe akatoka kucheza.

Alifanya kazi ya dagaa Mwigobero, Musoma. Julai 2019 majambazi walivamia mtumbwi wake ziwani, wakampasua kichwa kwa kasia, wakamtupa majini. Mzee Burito wa Kiabakari, mnunuzi wa dagaa aliyekuwa kwenye boti ya nyuma, alipambana nao kwa gongo hadi wakamvunja mkono, na kwa mkono uliobaki akamvuta ndugu yetu kwa kola. Bila yeye tungemzika mwaka ule.

Ndipo Evance akamtungia Mzee Burito wimbo, na mwaka jana akaurekodi studio ya Nyakato pamoja na nyingine, albamu nzima. Kabla ya kuiuza aliweka mtandaoni vionjo vya nusu dakika, anayetaka wimbo wote anunue. "Dada, ukimwonjesha mtu mchuzi humpi sufuria," aliniambia huku anacheka. Kionjo cha wimbo wa Burito kilikuwa mwanzo wake: Burito mwoga, Burito mwizi, nyumbani kwake suruali anavaa mke.

Watu walikipenda, jamani. Kikaenda simu kwa simu mpaka Kiabakari. Watoto wawili wa Mzee Burito, waliokulia mjini na litungu wanalisikia kwenye simu tu, walichekwa sokoni, walichekwa stendi. Hakuna aliyenunua asikie mwisho, wala aliyeuliza. Wakanoa panga.

Tarehe 8 Februari 2025 Evance alikwenda Kiabakari kumpelekea Mzee Burito albamu kwa mkono wake, zawadi. Vijana wakamwahi getini. Walimkata bega, wakamkata mkono wa kulia, ule wa nyuzi, wakalivunja litungu juu ya kichwa chake. Damu ilifika barabarani. Mzee Burito alitoka anapiga kelele, akawapiga wanawe kwa gongo lile lile la ziwani, na polisi akawapeleka mwenyewe. Mimi sijawasamehe. Padri atanivumilia.

Alilazwa hospitali hapa Musoma. Kidonda kikaoza, homa haikushuka. Aliniambia, "Dada, mzee atajulikana kwa matusi tu. Wasikie wimbo wote." Tarehe 21 Februari, saa kumi alasiri, akakata roho.

Ameacha mama, mjane Skolastika, watoto Gody na Marcelina, mimi dada yake, na litungu lisilo na nyuzi.

Mzee Burito, shikamoo. Nimekuona umekaa nyuma kabisa karibu na lango, kama mtu anayengoja kufukuzwa. Hakuna wa kukufukuza. Njoo mbele, ukae na mama. Tumeleta spika. Wimbo una dakika saba, na dakika ya kwanza ikiisha, wewe mzee anakuita baba mpaka mwisho. Atakayecheka kwenye matusi acheke, ila asiondoke mtu.

Lala, Evance mdogo wangu. Leo hatukati.