Dada Mkasi, Aliyelipiza Kisasi cha Kaka Yake

Marehemu, ambaye sote tulimwita Dada Mkasi, alizaliwa tarehe 4 Machi 1971 nyuma ya duka la vitambaa, katika chumba alimoshonea mama yake. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watatu. Alijua kukata kabla ya kujua kusoma, na pazia la sebuleni lilikiona cha mtema kuni.

Alimaliza sekondari mwaka 1989. Mwaka huohuo kaka yake, aliyembeba mgongoni utotoni, alifariki kwa virusi ambavyo watu waliogopa hata kuvitaja. Majirani waliokuja kutoa pole walikataa kunywa maji nyumbani kwao. Dada Mkasi hakulia. Alisema, "Huyo mwizi nitamfuata mpaka ndani ya seli." Alisomea biolojia, akapata shahada ya uzamivu mwaka 2001.

Kazi yake ilikuwa kisasi, wala hakuficha. Virusi hivyo hujipenyeza katika vinasaba vya seli, kisha seli yenyewe huvitengenezea nakala za RNA, yaani maagizo ya kuunda virusi vipya. Baadhi hukatwa na kuungwa upya. Nyingine virusi huzilinda zisikatwe, kwani bila nakala nzima hakuna kizazi kipya. Wenzake walitaka kuzuia ukataji. Yeye, mtoto wa fundi cherehani, alijua kuwa kitambaa kikikatwa chote vipande, gauni hakuna. "Mwacheni akatwe," aliwaambia, "akatwe mpaka akose cha kuvaa." Walimcheka miaka yote aliyotafuta dawa ya kufanya nakala zote zikatwe, naye hakusahau hata kicheko kimoja.

Mwaka 1997, akiwa bado masomoni, aliolewa na fundi umeme aliyemposa huku akitengeneza jokofu la sampuli. Alimjibu asubiri kwanza jokofu lipoe.

Figo zake zilianza kushindwa mwaka 2019. Hakuogopa kufa, aliogopa mwizi asije akamzika. Jioni ya tarehe 11 Juni 2023, wodini, binti yake mkubwa alimletea majibu kutoka maabara.

"Mama, dawa yako imekata nakala zote. Hakuna hata moja nzima."

Aliomba arudiwe maneno hayo. Kisha akalia, akamwita kaka yake. Alifariki asubuhi iliyofuata.

Ameacha mama, mume, mabinti wawili na mdogo wake anayesoma wasifu huu. Ushindi ule ulikuwa wa kwenye vyombo vya maabara tu. Mwizi bado yumo miilini mwa watu. Lakini binti mkubwa ameshakalia meza ya mama yake.

Dada yetu apumzike kwa amani. Yule mwizi asipumzike.