Bi Chupa na Maji Aliyoyaandika Salama

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Chupa, alizaliwa tarehe 9 Machi 1971, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na muuguzi. Tangu utotoni hakuamini jambo mpaka alishike. Akiambiwa sufuria ni ya moto alikwenda kuigusa, kisha akarudi akinyonya kidole.

Alimaliza sekondari mwaka 1988, na mwaka 1993 akahitimu stashahada ya maabara. Mwaka uliofuata aliajiriwa kupima maji, kazi aliyoifanya mpaka ugonjwa ulipomtoa. Huko alijifunza kuoka maji ya ndimu kwenye tanuri la maabara mpaka yatoe chembe ndogo mno, zisizoonekana kwa jicho. Chini ya taa ya urujuanimno, kama ile ya kukagulia noti bandia, chembe hizo hung'aa buluu. Zikitiwa kwenye maji yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu, mng'ao hufifia. Chupa zake za kupimia alizibeba hata sokoni, ndipo jina likamganda.

Tarehe 14 Desemba 1996 aliolewa na fundi pampu. Huyo shemeji yetu sisi ndugu zake alikuwa amekuja kutengeneza bomba la maabara, akaomba maji ya kunywa, akangojeshwa nusu saa yapimwe kwanza. Alituambia, "Huyu hata mate yangu atayapima," lakini kesho yake akarudi. Walijaliwa binti mmoja.

Mwaka 2015 shemeji alichimba kisima nyuma ya nyumba, si mbali na karakana ya kuyeyusha betri chakavu. Kaya kumi na tisa zikawa zinachota hapo. Bi Chupa aliyapima maji mwenyewe, jikoni. Chupa ya kulinganishia hutakiwa kuwa na maji yasiyo na kitu, lakini maji safi ya maabara yalikuwa yamemwishia, akaijaza ya kisima hichohicho. Chupa zote mbili zikafifia sawasawa. Hakuona tofauti, akaandika "salama". Nani angemkosoa yeye? Mganga hajigangi.

Machi 2023 figo zake zilianza kushindwa, na daktari akakuta risasi kwenye damu. Alirudi nyumbani akapima upya, safari hii kwa maji safi. Chupa ya kisima ilikuwa giza. Alilia, nasi tukalia naye. Shemeji alikiziba kisima kwa zege siku ileile, nasi tukawaambia majirani kimekauka, maana aibu ilitufunga midomo.

Yeye hakukubali. Alituomba mara mbili tuwaambie ukweli, mara mbili tukamkwepa. Mara ya tatu alimshika mdogo wake mkono: "Msinizike na uongo. Semeni nilikosea, watoto wa watu wapimwe." Alifariki tarehe 6 Novemba 2024, saa tatu asubuhi, mdogo wake akiwa kando ya kitanda.

Ameacha mume, binti, ndugu wanne, na kaya kumi na tisa zilizokunywa maji yale miaka minane. Kisima hakikukauka. Tunawaomba radhi. Kesho asubuhi nendeni hospitali mkapimwe damu, watoto watangulie.

Apumzike kwa amani. Neno lake tumelifikisha.