Barnaba Sifuna na Sauti Aliyoitafuta Kwenye Spika

Mchungaji, wazee wetu, wafanyakazi wenzake kutoka mjini, majirani wa Kileleshwa na jamaa mliosafiri kutoka Bungoma, kabla gari halijaondoka kumpeleka kaka yetu nyumbani, familia imenituma mimi, ndugu yake mdogo, Zachariah, niwasomee maisha yake, nami nitasoma polepole, ingawa mwenyewe Sifuna angekuwa hapa, angekuwa ameshatoka nje mara tatu.

Marehemu Barnaba Sifuna alizaliwa tarehe 14 Machi 1929 kijijini Kamukuywa, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Yohana Wekesa na Mama Lornah Nasimiyu, na mama alipenda kusema kwamba mtoto huyu alitembea kabla ya kujua kukaa, jambo ambalo hakuna awezaye kulithibitisha, ila sisi tuliolala naye chumba kimoja tunaliamini. Alisoma katika shule ya misheni iliyo karibu na nyumbani kuanzia Januari 1939 hadi Desemba 1944, akafika darasa la sita, kisha akaacha bila kufukuzwa na mtu, kwa kuwa dawati lilimchosha.

Mwezi Juni 1947 aliingia Nairobi, akaajiriwa kufagia duka la redio katika barabara ya Bazaar, na kwa kuchungulia mezani kwa mafundi huku ufagio ukiwa mkononi alijifunza kazi yote, hivi kwamba kufikia 1953 yeye ndiye aliyekuwa akitumwa kwa wateja wakubwa, leo Kitisuru, kesho Westlands, kiguu na njia, begi la vyuma begani.

Siku ya Jumamosi, tarehe 5 Desemba 1959, alifunga ndoa na Selpher Nekesa, mwimbaji wa kwaya ya kanisa hili, na Mungu akawajalia watoto wanne, Annah, Lornah, Wafula na Peres, waliolelewa katika nyumba ya nyuma hapa Kileleshwa, ambako familia ilihamia mwaka 1964. Mwaka huohuo marehemu aliunda kwa mikono yake kile alichokiita priampu, yaani kisanduku cha valvu, zile taa za kioo za redio, ambacho hupokea sauti ikiwa bado changa kutoka kwenye tepu na kuiandaa kabla haijafika kwenye amplifaya kubwa ya kuikuza, na Jumapili ya Pasaka, tarehe 10 Aprili 1966, aliazima mashine ya tepu ya dukani akairekodi kwaya, Selpher akiimba ubeti wa kwanza peke yake.

Agosti 1969 Selpher, Mama Annah, alifanyiwa upasuaji wa rovu shingoni, na madaktari walikuwa wamewaeleza yeye na mumewe mapema kwamba mshipa wa sauti uko karibu sana na kisu, wakakubali wote wawili, maana uvimbe ulikuwa umeanza kumziba pumzi, na alipoamka alikuwa hai, tunamshukuru Mungu, lakini sauti ilikuwa imebaki mnong'ono, na ndivyo ilivyo hadi leo. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini fundi hakukubali, akaapa kwamba sauti ile iliyo kwenye tepu ataitoa siku moja ikiwa kamili, bila kukwaruza wala kuvuma, kama ilivyotoka kifuani, na tangu siku hiyo nyumba ile haikujua utulivu, kila jioni kuna waya umefunguliwa, kila Jumapili spika imepinduliwa, ubeti haufiki mwisho kabla hajaruka kukaza skrubu.

Hapa familia imeamua kusema ukweli, kwa ruhusa ya mjane. Mama Annah alikuwa akimwita chakula kinapoa, akimwambia mtoto ana homa, akimwuliza habari za kazi, kwa mnong'ono huohuo, naye fundi, sikio likiwa limebanwa kwenye spika, alikuwa akiinua mkono kumwashiria mkewe anyamaze, ili amsikie mkewe. Jambo hilo lilimuumiza Mama Annah kuliko kisu cha daktari, na aliwaambia wifi zake kwamba anaishi na mke mwenza aliye ndani ya tepu.

Jumamosi, tarehe 18 Mei 1974, marehemu alitumwa Kitisuru kwa Bi Hannah Wangui, aliyekuwa ameletewa spika mbili kutoka ng'ambo, za aina ambayo kila moja ina amplifaya yake ndani na waya wake wa stima, na kwa kuwa katika miaka ishirini na saba mjini hakuwahi kuona spika inayokula stima, alidhani waya ule ni wa taa ya urembo tu, akaziunganisha nyuma ya amplifaya kubwa kama alivyozoea, nguvu juu ya nguvu, zikaungua. Bi Hannah alisimama mlangoni akasema, "Fundi, mimi niliitisha muziki, wewe umeniletea moshi," kisha akamwambia azibebe aende nazo, hataki kuziona tena, na dukani wakamwondoa kwenye orodha ya wanaotumwa kwa wateja, akabaki mezani kutengeneza pasi, aibu iliyomkosesha usingizi.

Spika zile zilimchukua miezi kumi na tisa kuzifufua, na alipoziunganisha na priampu yake, moja kwa moja safari hii, bila amplifaya kubwa, zikavuma. Alibadilisha valvu, akachomelea upya, akawaita mafundi wenzake, lakini mvumo ulikuwa palepale, naye alizidi kuhangaika, hata daktari alipomwambia mwaka 1976 kwamba moyo umepanuka na sharti apumzike, alimsikiliza akiwa amesimama.

Jumapili, tarehe 22 Januari 1978, saa tisa mchana, stima ilikatika mtaa mzima, mvumo ukanyamaza, na katika kimya kile akasikia nyuma yake mnong'ono ukisema, "Baba Annah, punguza hao wakubwa, mwache huyu mdogo aongee." Aligeuka akauliza umesema nini, naye akajibiwa kwamba maneno hayo ameambiwa tangu Krismasi ya mwaka juzi. Basi stima iliporudi alipunguza vifundo vya sauti vya spika, ambavyo siku zote alikuwa amevifungua hadi mwisho huku priampu ameikaba, hivyo kila mkwaruzo wa valvu ukakuzwa pamoja na wimbo, akaifungulia priampu, akaweka plagi zote kwenye soketi moja badala ya mbili, maana soketi mbili ndizo zilizokuwa zikileta mvumo, nao ukatoweka.

Sauti ya Selpher ya mwaka 1966 ikajaa chumbani. Ilikuwa kamili. Alikaa chini, akasikiliza ubeti wa kwanza, akainua macho amwone mkewe anavyofurahi, akakuta kiti kitupu, kwa kuwa Mama Annah alikuwa amekwenda jikoni kulia, naye akazima mashine yote kabla kwaya haijapokea, akamfuata.

Siku kumi na nane zilizofuata hakugusa waya. Majirani mliomwona amekaa barazani, kichwa kimemwinamia mkewe, mlidhani amezidiwa, kumbe alikuwa akisikia habari za miaka tisa, moja baada ya nyingine, akiomba nyingine zirudiwe, na Alhamisi, tarehe 9 Februari 1978, alfajiri, moyo ulisimama, mkewe akiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, mchungaji na kwaya, majirani waliopika na kukesha nasi, wafanyakazi wenzake wa dukani, hasa Bwana Thuo aliyechonga jeneza, na Bi Hannah Wangui, aliyekuja asubuhi hii na yuko kati yetu.

Wengi mmeuliza kama tepu itachezwa. Haitachezwa, Mama Annah amekataa, na kipaza sauti pia amekikataa, atamuaga mume wake kwa sauti aliyo nayo, kwa hiyo tunawaomba mlioko nyuma msogee mbele, wenye watoto wawatulize, tumsikie.

Sifuna, kaka yetu uliyehangaika, tulia sasa, mkeo anaongea, pumzika kwa amani.