Mama Pindo Anashuka: Miaka Thelathini na Moja ya Kuwavalisha Watoto Melini

Tarehe thelathini Juni, meli itakapofunga kamba bandarini asubuhi, mshonaji wetu wa nguo za watoto atashuka ngazi kama abiria yeyote, sanduku mkononi, baada ya utumishi wa miaka thelathini na moja na miezi minne. Katika mafaili ya ofisi ana jina lake kamili. Huku melini hakuna anayelitumia. Kuanzia nahodha hadi waosha vyombo, sote tunamwita Mama Pindo, kwa sababu hakuna suruali ya mtoto iliyowahi kupita mikononi mwake bila yeye kuligeuza pindo na kuangalia kimebaki kitambaa kiasi gani cha kushusha.

Mimi ninayeandika ni mpiga pasi wa dobi. Chumba chake na changu vimetenganishwa na ukuta wenye kidirisha cha kupitishia nguo, na kwa miaka kumi na tisa tumekuwa majirani wa kidirisha hicho. Kamati ya kumuaga iliponipa kazi hii, nilimwendea kumuuliza angependa niseme nini. Akajibu niandike ninachokijua, ila nisiache habari ya ndala. "Ukiiacha hiyo," akasema, "utakuwa umeandika sifa tu." Nimemtii.

Kwa wageni wetu watakaosoma haya kwenye sherehe, niseme kwanza kazi yenyewe. Kila safari ya meli yetu ina jioni moja ya mavazi rasmi. Abiria wote huingia ukumbi mkubwa wa chakula wamependeza, nahodha huwapokea mlangoni, mpiga picha huwapiga picha kwenye ngazi. Watu wazima hujimudu. Kasheshe ni watoto. Mtoto wa miaka mitatu hukubali gauni akakataa viatu. Wa miaka minane huivaa tai vizuri kabisa, kisha huichovya kwenye supu. Na kijana wa miaka kumi na nne, Mama Pindo huapa kwamba hurefuka kati ya bandari na bandari: suti iliyofungashwa nyumbani ikiwa sawa hutolewa sandukuni mikono ikiwa imeishia karibu na viwiko. Hao wote wamepita kwake, kwenye chumba cha hatua sita kwa nne, chenye cherehani iliyofungwa sakafuni kwa nati na kioo kirefu kisichotulia bahari ikichafuka.

Aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na tisa, akitokea kwenye karakana ya sare za shule. Wiki ya kwanza alitapika wiki nzima na akashona wiki nzima. Wazee wa meli wanakumbuka siku ambayo mawimbi yalimchanganya, akashona pindo la suruali pamoja na aproni yake mwenyewe, na suruali hiyo ilikuwa bado imevaliwa. Mwenye suruali alikuwa na miaka sita. Walitembea pamoja hadi kwenye mkasi.

Sasa nije kwenye ndala.

Mwaka wake wa nne alipewa pia kazi ya kusimama mlangoni jioni ya mavazi rasmi na kukagua watoto. Alikuwa na pini kwenye ukosi na kanuni kichwani: shati lenye kola, suruali ndefu, gauni la heshima, viatu vya kufunika. Alikuwa mkali na alijivunia ukali huo. Jioni moja alifika mzee mwenye suti ya zamani iliyopigwa pasi vizuri, amemshika mkono mjukuu wake wa miaka kama tisa. Mtoto alikuwa na shati jeupe na tai. Miguuni alikuwa na ndala.

"Babu, viatu," Mama Pindo akasema.

"Mwanangu, viatu vimembana, vidole vimechubuka," mzee akamweleza kwa sauti ya chini. "Atakaa, miguu itakuwa chini ya meza. Nani ataiona?"

"Mimi nimeshaiona."

Watu waliokuwa nyuma kwenye foleni wakacheka. Mama Pindo anakiri kwamba wakati ule jibu lile lilimfurahisha. Mzee hakubishana. Alimgeuza mjukuu wake taratibu, wakarudi walikotoka, wakipita kando ya foleni yote, na ndala zikilia kwenye sakafu ya mawe mpaka mwisho wa korido.

Asubuhi mhudumu wa vyumba alimsimulia alichokuta. Chakula walichopelekewa chumbani kilikuwa hakijaguswa. Mtoto alilala na tai yake shingoni, hakutaka ivuliwe. Mama Pindo akaenda kupekua stoo ya vitu vilivyosahauliwa na abiria, akapata viatu vyeusi vilivyokaribiana na kipimo, akavipiga rangi na kubisha hodi kwenye chumba chao. Mzee alimpokea vizuri. Alivishika vile viatu, akavitazama juu na chini, akashukuru.

"Asante, mwanangu. Lakini siku yenyewe imeshapita."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomuumiza. Safari ilikuwa ya siku tano na jioni ya mavazi rasmi ilikuwa moja. Kesho yake walishuka. Mama Pindo aliomba anwani yao ofisini, akaandika barua ya kuomba radhi, kisha nyingine. Hajajibiwa hata leo. Hajui kama zilifika, wala hajui kama mzee yule aliwahi kusafiri tena. Nilipomwambia kwamba pengine walisamehe na kusahau, alinitazama kupitia kidirisha na kusema pengine, kisha akaendelea kushona.

Alichofanya baada ya hapo ndicho kinachotufanya tumkusanyikie leo. Aliwaza akaona kosa halikuwa kwenye kanuni peke yake, lilikuwa mlangoni. Mtoto akikaguliwa mbele ya foleni, hata akirekebishwa ameshatazamwa. Basi akaomba ukaguzi uhamishwe, ufanyike siku moja kabla, kimya kimya, na meli iwe na nguo zake za kuazima. Meneja wa huduma wa wakati ule, mtu mwenye miluzi na haraka nyingi, alimkatalia.

"Meli hii si duka la mitumba."

"Kweli, bosi, si duka," akamjibu. "Dukani wanauza. Mimi nataka kuazimisha."

Akapewa miezi mitatu ya majaribio na fimbo moja ya kutundikia nguo. Akaanza kuwaomba wafanyakazi nguo zilizowapita watoto wao. Akachukua zilizosahauliwa na abiria baada ya muda wa kuzihifadhi kuisha. Nguo zikafika dobi zimekunjamana kama karatasi, zikarudi kwake zimenyooka. Fimbo moja ikawa mbili, mbili zikawa ukuta mzima: suti za miaka minne hadi kumi na saba, magauni, vishati, tai za kipepeo zenye lastiki kwa wasiotaka kukabwa, na viatu jozi mia na zaidi. Kila chumba chenye mtoto kikawa kinapata kikaratasi siku moja kabla. Maneno yake ni yale yale mpaka leo: Mtoto ana nguo ya kesho? Kama hana, au imembana, au anayo lakini haitaki, njooni kabla ya saa kumi. Huitwi jina, huandikwi popote. Mlango uko upande wa dobi.

Hayo maneno ya "anayo lakini haitaki" ameyaweka kwa ajili ya vijana, na vijana walikuja. Walikuja wakiwa wamenuna, mikono mfukoni, mzazi nyuma akihema. Kitu cha kwanza alichofanya Mama Pindo kilikuwa kumtuma mzazi akanywe chai.

Miaka tisa iliyopita alikuja msichana wa miaka kumi na tatu na mama yake. Uti wa mgongo wake ulikuwa umepinda, na daktari alikuwa amemfunga kigango kigumu cha plastiki kuanzia kwapani hadi nyongani, avae usiku na mchana. Gauni walilokuja nalo lilikuwa zuri, la rangi ya zambarau, na zipu yake ilikuwa imegoma katikati ya mgongo. Mama mtu alitaka kigango kivuliwe kwa saa mbili tu. Binti hakutaka kuvunja amri ya daktari, na gauni lililoachwa wazi mgongoni hakulitaka pia. Alitaka kubaki chumbani. Nilikuwa kidirishani, niliwasikia. Walikuwa wamefika mahali pa kuzungumza bila kutazamana.

Mama Pindo alimtuma mama chai. Kisha akavuta kigoda, akakaa chini kuliko yule binti, akamuuliza:

"Unataka kionekane, au kisionekane?"

Nadhani hakuna aliyekuwa amemuuliza. Madaktari waliamua, mama aliamua, kigango chenyewe kiliamua.

"Kisionekane," akasema. "Ila nisionekane kama ninaficha kitu."

"Haya. Hiyo sasa ndiyo kazi. Shika hizi pini."

Ilikuwa saa sita mchana, na jioni yenyewe ilikuwa siku hiyo hiyo. Alifumua gauni pande zote mbili, kuanzia kwapani hadi kiunoni, akatafuta kwenye ukuta wake gauni jingine la rangi iliyokolea zaidi, akalikata mapande marefu na kuyaingiza ubavuni. Kila pande lilipita kwangu kidirishani, nikalipiga pasi, nikalirudisha. Zipu akaitoa kabisa, akaweka vifungo vidogo vilivyovikwa kitambaa. Juu akamtengenezea kikoti kifupi, maana binti alisema mabega yake anayapenda ila si makwapa. Walibishana kuhusu mikono ya kikoti, na binti akashinda. Wakati mmoja nilisikia kicheko, nikachungulia nikijua ni cha mshonaji, kumbe ni cha binti mwenyewe. Alikuwa amegonga kigango kwa kile kikofia cha chuma cha kushonea, kimelia kama mlango, naye Mama Pindo ameitikia, "Karibu!"

Saa kumi na moja mama alirudi. Alimzunguka binti yake mara moja, akapapasa vifungo kimoja kimoja, macho yamelowa. Binti alimwambia, "Usilie, utanilowesha kikoti." Wakaondoka.

Mama Pindo hakuwafuata ukumbini. Alibaki kwenye kigoda akisugua kidole gumba, akilalamika kwamba shingo ya gauni ameiacha juu kidogo. Hakutulia mpaka mkuu wa wahudumu wa ukumbi alipopita akatuambia: binti amepanga foleni ya picha na vijana wenzake, na amesimama katikati, si pembeni. "Katikati?" Mama Pindo akauliza, akamrudisha aseme tena. Kisha akaniambia nizime pasi, tukale.

Tangu fimbo ile ya kwanza hadi leo ni miaka ishirini na saba. Hakuna mtoto aliyegeuzwa mlangoni kwa sababu ya alichovaa. Hata kanuni yenyewe imeandikwa upya, na ofisi imeagiza meli nyingine za kampuni zifanye hivyo hivyo. Meneja yule wa miluzi, siku alipostaafu yeye mwenyewe, alikuja na mfuko wa nguo za wajukuu wake na kuuacha mlangoni upande wa dobi.

Lipo jambo moja zaidi, nalo ameniruhusu niliseme. Alipopanda meli hii alimwacha binti wa miaka mitano kwa dada yake. Alikuwa nyumbani miezi mitatu kwa mwaka, wakati mwingine miwili. Binti alipomaliza shule ya msingi, Mama Pindo alimshonea gauni la sherehe huku huku baharini, akalituma kwa posta. Vipimo hakuuliza. Aliona aibu kuuliza vipimo vya mwanawe mwenyewe. Gauni lilifika likiwa dogo kwa shubiri nzima. Alikuwa amemkatia mtoto aliyemkumbuka. Binti alivaa nguo nyingine, na kwenye simu akamwambia maneno ambayo Mama Pindo huyarudia bila kuyapunguza: "Mama, watoto wa watu umewavalisha wote. Mimi utanivalisha lini?"

Kazi yake iliwasaidia maelfu ya watoto, na mmoja ililipia ada yake ikamnyima mama yake. Yote mawili ni kweli. Binti huyo sasa ana miaka thelathini na sita, ni fundi wa umeme, na mwezi wa tisa anaolewa. Wiki iliyopita aliandika ujumbe mfupi, na Mama Pindo alinipa simu niusome, eti miwani imepotea. Miwani ilikuwa usoni. Ujumbe ulisema: "Sijanunua gauni. Sijampa fundi yeyote vipimo. Nakusubiri."

Kwa hiyo, Mama Pindo, hatutakuchelewesha. Kwa niaba ya nahodha, ukumbi, jiko, dobi, na wazazi wote uliowatuma chai, tunasema asante, na tunakusamehe pini zote ulizotuachia kwenye mashati. Afya ikushike, mikono isikuchoke, nyumba ikupokee vizuri. Meli inafika saa moja asubuhi. Mwanao amesema atakuwa bandarini saa kumi na mbili.