Shangazi Ondoa Mkono na Nyanya Zilizopakwa Mafuta

Wasikilizaji wapendwa, mlioko jikoni, mlioko dukani, mlioko shambani na redio mmeitundika kwenye mti, hamjambo. Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetuamsha salama. Leo tunamkumbuka mama mmoja mkulima, na nawaambia mapema kwamba mtacheka. Ndugu zake wenyewe wameomba iwe hivyo. Binti yake alinivuta pembeni pale msibani akaniambia, "Mama mtangazaji, ukimsema mama yangu kwa sauti ya kilio mwanzo hadi mwisho, watu watadhani ni mwingine."

Basi tutamsema alivyokuwa.

Alikuwa mkulima wa nyanya. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wanaokausha nyanya na kuziuza kiwandani. Nasema tena kwa aliyechelewa kufungua redio: mkulima wa nyanya, mwenyekiti wa kikundi cha kukausha nyanya. Kijiji kizima kilimwita shangazi, hata waliomzidi umri. Lakini jina lililomganda lilikuwa Ondoa Mkono. Shangazi Ondoa Mkono.

Alilipataje? Ndiyo habari yetu ya leo.

Kijijini kwao nyanya huiva zote kwa pamoja. Unaamka asubuhi, kila shamba ni jekundu. Kila mtu ana nyanya, kwa hiyo hakuna wa kununua nyanya. Zinajazwa kwenye matenga, zinangoja gari, gari haliji, zinaanza kulegea na kutoa maji. Mwisho wanalishwa ng'ombe. Wifi yake, yaani mke wa kaka yake, na hao wawili walitaniana maisha yao yote, ameniambia hivi: "Ilifika mahali ng'ombe wetu wakiona tenga wanageuza uso."

Ndipo wakaja wanafunzi. Vijana sita wa chuo, wanasomea kilimo na biashara, wamejitolea likizo yao nzima bila malipo. Walikuja na mchoro wa sanduku la kukaushia kwa jua: fremu ya mbao, trei za wavu ndani, juu nailoni nyeupe inayopitisha mwanga. Kina mama wakaliita sanduku la jua. Unakata nyanya vipande, unatia chumvi kidogo, unapanga kwenye trei, jua linafanya kazi. Nyanya iliyokauka haiozi. Inaweza kungoja gari.

Watu walifurahi. Shangazi hakufurahi. Alikaa nyuma kabisa kwenye mkutano, mikono kifuani.

Alikuwa na sababu, wasikilizaji wapendwa. Zamani kijiji hicho kiliwahi kuletewa mashine ya kusaga na wageni wema. Wageni waliiendesha wenyewe, waliisafisha wenyewe, na ilipogoma waliitengeneza wenyewe. Wakaaga, wakapigiwa vigelegele, wakaenda zao. Mashine ikagoma tena. Iligoma moja kwa moja, mpaka kuku wakaanza kutaga humo ndani. Shangazi alikuwa akipita pale kila siku akienda shamba, na kila siku aliona yale mayai.

Siku ya kwanza ya kazi, kwenye ghala la zamani, wanafunzi walishika visu kwa bidii. Mmoja wao, binti mdogo wa umbo mwenye miwani mikubwa, ambaye wote walimwita Miwani, alikuwa anakata nyanya haraka kama mpishi wa hoteli. Kina mama wamesimama wanamtazama wanasema, "Jamani, anaweza huyu!" Shangazi akaingia.

"Ondoa mkono!"

Miwani akaruka. Alidhani kuna nyoka.

"Samahani shangazi, nilikuwa nawasaidia tu."

"Utanisaidia mpaka lini, mwanangu?"

"Mpaka likizo iishe."

"Na ikiisha, nyanya zitakatwa na nani? Malaika?"

Shangazi akavuta benchi refu lililokuwa ukutani, akalifuta vumbi kwa upindo wa nguo yake, akawakalisha wanafunzi wote sita. "Mikono chini ya mapaja," akasema. "Mtatwambia la kufanya tukiwauliza. Tukikosea, acheni tukosee. Atakayegusa nyanya, atakwenda kulala kwao."

Kijana mmoja mrefu, magoti yake yamefika kidevuni kwenye lile benchi, akauliza, "Shangazi, na nikiwashwa pua?"

"Pua ni yako, ikune. Nyanya ni yangu, ondoa mkono."

Ndivyo kazi ilivyofanyika, wasikilizaji wapendwa. Wasomi wamekalia mikono, kina mama wanakata. Wanakata nene mno, zinaoza. Wanakata nyembamba mno, zinagandamana na wavu. Vijana wanajikunja pale kwenye benchi kama watu wenye tumbo la kuuma. Kila mkono ukichomoza tu, ilisikika mpaka barabarani: ondoa mkono! Watoto wakaanza kuliigiza mchezoni. Hapo jina likamganda.

Sasa sikilizeni siku ya mnunuzi.

Kiwanda kimoja cha viungo kilikubali kumtuma mtu aje kuutazama mzigo wa kwanza. Akiupenda, atachukua kila msimu. Akiukataa, basi likizo inaisha, vijana wanaondoka, na masanduku ya jua yanafuata ile ile njia ya mashine ya kusaga. Shangazi alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Binti yake anasema mama yake siku hizo alikuwa akisali sala ndefu, na chakula kikipoa mbele yake.

Ikabaki siku moja mnunuzi aje. Wanafunzi wamekwenda mjini kutafuta mifuko. Shangazi akafungua sanduku, akatazama zile nyanya. Zilikuwa zimekauka vizuri kabisa. Lakini zilikuwa na mikunjo, nyekundu ya giza, zimepauka.

"Wifi," akasema, "hebu njoo. Hizi si zinaonekana zimeugua?"

Wifi akatazama. "Zinafanana na kisigino chako."

"Mimi sicheki. Mgeni anakuja kesho. Wewe unaweza kumtoa mtoto mbele ya wageni amepauka hivi? Hujampaka hata mafuta?"

Wasikilizaji wapendwa, mama gani hapa anaweza kujibu swali hilo? Mtoto akitoka, anapakwa mafuta. Wakaleta mafuta ya kupikia. Wakakaa chini, kina mama wote, wakazipaka nyanya kipande kimoja kimoja, mbele na nyuma, huku wanaimba. Wifi anasema zilimeremeta mpaka ungeweza kujitazama.

Wanafunzi wakarudi na mifuko. Miwani akafika mlangoni, akasimama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Shangazi—"

"Nimekuuliza?"

"Hapana, shangazi."

"Basi kaa."

Akakaa. Mikono chini ya mapaja. Yule kijana mrefu akatoka nje, akaonekana anazunguka ghala huku ameshika kichwa.

Asubuhi mnunuzi akaja, bwana mmoja mnene, mpole, mwenye jasho. Akachukua kipande, akakisugua kwa vidole, akanusa. Akachukua cha pili.

"Hizi zimepakwa mafuta?"

Kina mama wakamtazama shangazi.

"Kina mama, sisi tunazisaga ziwe unga. Nikitia hizi kwenye mashine, inaziba. Na unga wenyewe utachacha mwezi haujaisha."

Hapo Miwani akashindwa. Akainuka kwenye benchi, akasema: "Bwana, ni kosa letu sisi wanafunzi, hatukuwaele—"

"Ondoa mkono!" akafoka shangazi.

Miwani hakuwa ameshika kitu. Mikono yote miwili ilikuwa hewani, mitupu. Akaitazama. Na sisi sote, maana na mimi nilikuwepo, nimekwenda kuchukua habari ya redio, tukaitazama. Halafu mnunuzi akaanza kucheka, tumbo linatikisika. Ghala zima likapasuka.

Shangazi peke yake hakucheka. Alimsogelea yule bwana akasema, "Ni mimi. Niliona zimepauka, nikaona haya kukupa kitu kilichopauka. Ndiyo maana nikazipaka."

"Mama, hata zingekuwa na sura ya kiatu, mimi nasaga tu."

"Ungesema!"

"Hamkuniuliza."

Shangazi akageuka taratibu kuelekea benchi. "Na wewe, Miwani. Ulijua?"

"Nilijua, shangazi."

"Mbona ulinyamaza?"

"Na wewe hukuniuliza."

Ndipo alipocheka. Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, wifi anampepea kwa kifuniko cha sufuria. Akasema maneno ambayo nimeyaandika hapa: "Basi kuanzia leo, mdomo ruhusa. Mkono hapana."

Mzigo ulikataliwa wote. Lakini yule bwana alikubali kuja mara ya pili. Tatizo ni kwamba siku aliyoitaja ilikuwa baada ya likizo kwisha. Vijana watakuwa wameshaondoka.

Zile nyanya za mafuta kijiji kilizila chenyewe. Zilikuwa tamu, jamani. Ziliwekwa kwenye kila chakula, mpaka watoto wakasema sasa bado chai tu. Na siku zile zilizobaki, ghala lilikuwa na makelele kama soko. Kwa nini chumvi? Kwa nini wavu usiguse ukuta? Nitajuaje imekauka? Kunja kipande, shangazi, kikikunjika bila kutoa maji na bila kuvunjika, kimekauka. Shangazi aliuliza, wifi akauliza, wote wakauliza. Vijana walizungumza mpaka sauti zikakauka kuliko nyanya. Siku ya kuondoka, shangazi alimshika Miwani mikono yote miwili, akavitazama viganja, laini kabisa, hata alama ya kisu hakuna. "Umefanya kazi nzuri," akamwambia.

Mnunuzi akarudi. Akakunja kipande. Akanusa. Wifi anasimulia: "Tuligeuka wote kutazama benchi, tusikie wanasemaje. Benchi halina mtu." Yule bwana akasema neno moja tu: "Fungeni."

Wasikilizaji wapendwa, tangu siku hiyo hakuna msimu ambao kiwanda hakikuchukua mzigo. Masanduku ya jua yameongezeka, yanatengenezwa na seremala wa pale pale kijijini. Ubao ukioza wanajua pa kugonga. Nailoni ikichanika wanajua pa kununua. Kila likizo wanafunzi wapya huja, na sasa wao ndio wanaouliza. Miwani siku hizi ni mtaalamu mkubwa wa kilimo, na alinipigia simu baada ya kupata taarifa za msiba. Alilia kidogo, akacheka sana. Alisema, "Mpaka leo nikienda kwa wakulima, naingiza mikono mfukoni kwanza."

Shangazi aliugua kwa muda mfupi. Mungu hakumtesa. Binti yake alikuwa naye kitandani, na alinisimulia jambo moja ambalo mimi, kama mjane niliyeketi pembeni ya kitanda namna hiyo, nimelitafakari sana. Alisema, "Nilingoja aniulizie nyanya. Siku ya kwanza hakuuliza. Ya pili hakuuliza. Anasali, anauliza wajukuu wamekula. Nikamwambia, mama, mbona huulizi habari za kikundi? Akaniambia: kina wenyewe."

Kina wenyewe, wasikilizaji wapendwa.

Tulimzika mchana, watu wengi, nyimbo nzuri. Tumerudi tu nyumbani, hatujakaa, tukasikia honi. Gari la kiwanda. Ilikuwa siku ya mzigo, na katika shughuli za msiba hakuna aliyekumbuka kuwaarifu. Nikasema moyoni, sasa itakuwaje? Nikamwona wifi akinyanyuka. Akafuta macho. Akaingia ghalani, akachukua kipande, akakikunja, akakitazama kwenye mwanga. Akaita wenzake kwa kidole. Wakaanza kubeba mifuko, na nguo zao zile zile za msibani, hakuna aliyeamrisha, hakuna aliyeuliza zamu ya nani.

Dereva alishuka akasema, "Mwenyekiti yuko wapi nimsalimie?"

Wifi akamjibu, "Tumetoka kumzika sasa hivi, baba. Sogeza gari nyuma kidogo."

Gari likasogea. Mzigo ukaondoka.

Kwa niaba ya wenzangu wote hapa kituoni, natoa pole kwa binti yake, kwa wajukuu, kwa kaka yake na kwa wifi, ambaye amebaki bila mtu wa kutaniana naye. Pole kwa kikundi chote. Pole kwa vijana wote waliowahi kukalia lile benchi, popote mlipo. Mwenyezi Mungu ampokee mahali pema, na awape nyinyi nguvu.

Na wewe unayenisikiliza, kabla hatujapiga wimbo, punguza sauti ya redio kidogo. Mfikirie mtu mmoja unayemsaidia leo: mwanao, jirani, mfanyakazi mwenzako. Jiulize, kesho usipokuwepo, ataweza? Kama bado, muulize anataka kujua nini. Kisha umwachie afanye mwenyewe, nawe ukae hapo hapo karibu naye.