Tairi Mbili Mpya, Mbili za Vita

Alhamisi moja ya Agosti 1954, lori la Geresom lilikuwa juu ya jeki mbele ya gereji ya Gurmit, Nalufenya, Jinja. Alilinunua kwenye mnada wa jeshi. Tairi mbili zilikuwa zimepasuka kabisa; mbili zilizobaki zilikuwa na nyufa kama visigino vya mkulima wakati wa kiangazi. Mpya alizopata zilikuwa mbili tu, na kesho yake alitakiwa kumpeleka mwanawe Gidudu kwao Malukhu, Mbale, akatahiriwe Jumamosi. Kijana wa Kigisu akichelewa, watu hawaulizi habari za tairi. Wanasema amekimbia kisu. Geresom aliketi kwenye benchi la Sulait, muuza kahawa, akaomba ushauri. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake.

— Mpya weka mbele, afande, — alisema Adrisi, mnywaji kahawa wa kila siku, aliyeitwa Redio kwa kuwa hazimiki. — Nani anasalimia mtu kwa mgongo?

— Weka nyuma, — Gurmit alijibu kutoka chini ya lori. — Mzigo iko nyuma.

— Fundi, maji hufuata mkondo. Ya nyuma itafuata ya mbele tu.

— Na ile nyufa? — Gurmit aliuliza.

— Paka samli, — alisema Sulait. — Ngozi yako ikipasuka unapaka nini?

— Samli nipake tairi, ugali nile na nini? — aliuliza Geresom.

— Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, — alisema Redio. — Wacha tairi ifunzwe na barabara! Ikipasuka, jaza majani, shindilia mpaka ishibe. Ng'ombe anatembea kwa majani tangu dunia iumbwe. Umeona nani anampiga pampu?

Gurmit alicheka mpaka akagonga kichwa kwenye chuma.

Proscovia, mkewe Geresom, alifika na kikapu cha njuga za mwanawe. Alisikiliza kidogo, amesimama.

— Baba Gidudu, mtoto atakaa juu ya tairi gani?

Sulait aliinamisha birika. Likatoa tone moja. Geresom, aliyeendesha malori ya jeshi Burma miaka miwili, alitazama tairi mpya, kisha zile za zamani, kisha vidole vyake vya miguu.

— Mbele, — alisema mwishowe. — Na mimi.

— Basi mpya ziende mbele. Na hawa wanaosema za zamani ziko sawa, wapande nyuma.

Asubuhi ya Ijumaa Redio na Sulait walipanda nyuma, maana kukataa mbele ya Proscovia kulikuwa kugumu kuliko safari. Lori halikumaliza hata Bugembe, maili chache tu kutoka Jinja: tairi ya nyuma ikapasuka. Redio alishuka wa kwanza, akaomba panga, akaanza kukata majani. Hakuna aliyecheka. Walishindilia mpaka jua likawa utosini, wakaenda kwa mwendo wa bibi harusi, wakaingia Malukhu usiku.

Jumamosi asubuhi Gidudu alisimama uwanjani, njuga mapajani, akatahiriwa bila kupepesa jicho.