Bi Lishe na Chembe Zilizokataa Kukonda

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara yetu ya mapafu, dada yetu Bi Lishe anastaafu. Nimeombwa niandike mimi, mwosha vyombo, kwa kuwa nimekaa naye sana. Ya kisomi watayaongeza wasomi wenyewe.

Kazi yake ilikuwa kulisha chembe hai za misuli laini, zile zinazozunguka mishipa ya damu ya mapafu. Zikizaana kupita kiasi, mshipa hufinyika, damu hukosa njia, na moyo wa mgonjwa husukuma mpaka uchoke. Zamu ikiangukia Jumapili, alikuja baada ya ibada, akazisalimu kwanza. Zikinawiri, alitabasamu kama shangazi aliyeletewa mtoto mnono. Daktari mkuu alimkumbusha kwamba hao ndio adui. Akajibu kuwa hata adui halali njaa nyumbani kwake.

Ndipo ikaja maikro-RNA, kipande kidogo mno ambacho chembe yenyewe hukitumia kama breki ya kuzaana. Wagonjwa wetu wamepungukiwa nayo. Daktari akaiongeza kwenye baadhi ya vichupa vya chembe hizo, akitarajia chembe zipunguze kasi. Wapi! Akarudia, zikazidi kunenepa. Mwishowe akaitisha kikao cha kuifuta kazi nzima.

Bi Lishe akasimama, mikono nyuma. Akasema chembe za vichupa vile alizikuta zimedhoofu, akazionea huruma, akawa anaziongezea seramu kidogo kidogo. Sasa seramu ndiyo chakula kinachozikuza. Mimi nilianza kumwombea kimoyomoyo, maana kwa kosa kama hilo unga humwagika, naye alikuwa na watoto wanaosoma.

Daktari alimuuliza iweje ampikie uji mtu ambaye yeye daktari anangoja afe. Bi Lishe akasema kwao hawakufundishwa kumuuliza mgonjwa atakufa lini ndipo apewe uji.

Jaribio likarudiwa, chakula kwa kipimo kimoja katika vichupa vyote, kwa mkono wake huohuo. Breki ikashika. Kazi haikufutwa, wala yeye. Alichungulia kwenye darubini, akasema zimekonda, akatoka nje akakaa kidogo. Kisha akarudi kulisha zilizobaki.

Dada, asante kwa kusema kweli siku ambayo kunyamaza kulikuwa na faida. Mungu akujalie pumzi nyepesi, miguu isiyouma, na wajukuu wengi. Hao waongezee uji upendavyo. Hakuna kikao kitakachoitishwa.